Nyekundu ya Saa Saba

Mikono ya Eliwaza Kitundu ilisuka shubiri moja kwa saa. Haikuzidi, haikupungua. Mama yake ndiye aliyeizoesha hivyo zamani kule Iramba, kwa kumkalisha mlangoni na fungu la ukindu na kumwambia, "Suka mpaka kivuli cha kinu kikuguse mguu." Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, na mikono ilikuwa ikisuka yenyewe huku macho yake yametulia kwenye kioo cha Meza ya Saba.

Ndiyo maana Nyumba ya Upepo, nyumba ya karata, ilipenda kuajiri mabibi. Kijana ukimweka mbele ya kioo kutwa nzima atazame karata za watu, ikifika saa tano anasinzia, ikifika saa nane anaanza kutamani kucheza. Bibi mwenye kazi mkononi hasinzii. Na sheria ilisema wazi kwamba mtambo hauwezi kumshuhudia mtu, lazima awepo mtu anayeona. Eliwaza alikuwa huyo mtu.

Wachezaji sita walikuwa mezani, kila mmoja nyumbani kwake. Kila mmoja alipewa karata mbili za siri, kisha tano zikafunuliwa katikati kwa ajili ya wote, na mwenye mkono wenye nguvu akazoa kilichowekwa. Kilichowekwa kilikuwa saa za umeme. Mji mzima wa Singida uliishi kwa mapanga ya upepo yaliyozunguka juu ya mawe. Kila nyumba ilipata mgao wake wa wiki, na aliyetaka zaidi alikuja mezani kujaribu.

Mara chache, karata tano zilifuatana na zote zikawa za rangi moja, tuseme saba, nane, tisa, kumi na ghulamu, zote kopa. Mkono wa namna hiyo huja mara moja katika mikono elfu tatu na ushee. Ulipokuja, Eliwaza alisema kwa sauti, "Adimu," nacho kioo kikaandika. Kisha akachomeka chane moja nyekundu ya ukindu kwenye ukili aliokuwa akiusuka. Hilo la pili hakuagizwa na mtu. Alilifanya kwa sababu mkeka wa rangi moja ni kama uji usiotiwa kitu, na mkeka huu ulikuwa wa kitukuu chake, aliyekuwa anatoka arobaini Jumapili. Kila siku ya kazi ukili mmoja, mwembamba wa vidole viwili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Jana alikuwa amemaliza wa arobaini. Leo alikuja na shazia, sindano ya mikeka, aanze kuziunganisha kili zote.

Shila, msimamizi wake, aliingia na vikombe viwili vya chai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mbona umekuja na chai mbili na uso wa msiba?"

Shila hakucheka. Alikuwa kijana mwema. Ndiye aliyemletea mto wa kuegemea mgongo bila kuombwa, na chai yake aliitia tangawizi kidogo tu kwa sababu aliwahi kuona ikimkohoza. Aliweka kikombe mahali ambapo mkono wa Eliwaza ungekifikia bila kuacha kazi.

"Mizani imemkamata mtu," alisema. "Kwenye meza yako."

Mizani ulikuwa mtambo uliofuatilia mikono adimu ya kila mchezaji na kupima kama bahati yake ni ya kibinadamu.

"Kiti cha nne?" Eliwaza aliuliza.

"Ulijua?"

"Nina macho."

"Mikono adimu tisa kwa siku arobaini, Bibi. Mtu wa kawaida angepata miwili. Mitatu, kama Mungu anampenda sana." Shila alifuta kioo kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Ni Mzee Mughanga Njou. Yule fundi wa mapanga aliyeanguka."

Sindano ilisimama. Watu wote walimjua Mughanga. Miaka kumi na mitatu iliyopita alipanda mnara wa tisa wakati wa tufani ili kulifungua panga lililokwama, mji usikae gizani. Panga lilifunguka, yeye akaanguka. Tangu hapo miguu yake haikumtii.

"Wanataka ushahidi wako kabla ya saa kumi leo. Ukiandika Wizi, bangili yake inazimwa."

Kila mchezaji alivaa bangili. Ilisoma mapigo ya moyo ili ijulikane kwamba anayecheza ni mtu mwenye damu na si programu iliyotumwa kuiba. Lakini bangili hiyo hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa zahanati, na ndiyo iliyomwita muuguzi.

"Ikizimwa, akidondoka kitandani nani atasikia?"

"Sheria haijui kudondoka, Bibi. Ukiona hakuiba, andika Bahati."

"Na hii nafasi ya tatu?" Eliwaza aligusa fomu kwenye kioo. Chini ya Wizi na Bahati palikuwa na neno Mtambo.

"Hiyo haijawahi kujazwa." Shila alishusha sauti. "Hiyo ikijazwa, nyumba inafungwa mpaka Mgawaji afunguliwe na kukaguliwa. Sisi watu arobaini tunarudi nyumbani, na hakuna anayejua mpaka lini."

Mgawaji ndiye aliyegawa karata. Hakuwa na uso, alikuwa sauti tu.

Shila alipotoka, Eliwaza aliendelea kushona. Alilaza ukili wa kwanza, akalaza wa pili kando yake, akapitisha uzi. Wa tatu. Wa kumi. Chane nyekundu zilikuwa zimetawanyika hapa na pale kama ilivyostahili. Alipofika ishirini akahisi kitu kidoleni kabla hajakiona. Akashona haraka zaidi. Wa thelathini, wa thelathini na tisa, wa arobaini. Akautandaza mkeka sakafuni, akasimama kwa shida, akautazama kutoka juu.

Nyekundu zilikuwa kumi na nne. Tano zilikuwa popote. Tisa zilikuwa zimejipanga mstari mmoja, mwanzoni mwa shubiri ya sita, kama mtu aliyechora kwa kidole.

Alihesabu kwa kiganja kutoka pindo. Shubiri moja, saa tatu. Ya pili, saa nne. Shubiri ya sita ilianza saa saba mchana.

Aliketi, akafungua kumbukumbu za nyumba, akatafuta mstari ule. Haukuwepo. Mikono ile tisa ilionekana imetapakaa, mmoja kwenye saa ya pili, mwingine ya tano, mwingine ya nne na nusu. Akazitazama muda mrefu kabla ya kuelewa, na alipoelewa akajigonga paja. Saa za nyumba zilikuwa saa za upepo! Upepo ukilala, meza ililala, na saa ikasimama nayo. Ilikuwa ikihesabu umeme, haihesabu mchana. Lakini mikono yake yeye haikungoja upepo. Meza ilipolala aliendelea kusuka.

Katika jengo zima, ni mkeka wa mtoto tu uliokuwa umeandika saa za jua.

*

Sheria ilimtaka shahidi amsikilize mtuhumiwa. Uso wa Mughanga ulikuja kwenye kioo, mwembamba, ndevu zimenyolewa vizuri na kubakizwa kishungi kimoja chini ya shavu ambacho hakukifikia.

"Dada, wanasema mimi mwizi," alisema kabla hajasalimiwa.

"Habari za mchana, kaka. Wanauliza tu."

"Wanauliza na panga mkononi." Akacheka, akakohoa. "Haya. Uliza."

"Ile mikono mizuri. Uliipataje?"

Mughanga aligeuza uso pembeni. Nyuma yake palikuwa na kigoda kitupu na jua likiteremka kwenye mguu wake mmoja.

"Ukiniambia nimechanganyikiwa, nitakata mawasiliano."

"Sitasema."

"Ni Yudita. Mke wangu. Alifariki mwaka juzi, saa saba mchana, chakula kikiwa mezani. Kila siku jua likifika juu ya kigoda chake, moyo wangu unaanguka, dada. Unaanguka kama nilivyoanguka mimi. Nisipofanya kitu, siamki tena kutoka pale. Ndiyo maana nacheza. Sitaki umeme. Mimi na taa moja tunatoshana."

Ni kweli. Eliwaza aliziona karata zake zote. Alipata mikono ambayo mwingine angeweka saa mia, yeye akaweka nusu saa. Mwizi gani huyu anayebomoa ukuta aibe chumvi?

"Na siku nyingine, moyo ukianguka sana," Mughanga akaendelea, "karata zinakuja. Moja baada ya nyingine, zinafuatana kama watoto wanaokwenda shule. Basi najua. Alikuwa ananipenda kwa namna hiyo hata akiwa hai, kimyakimya. Unakuta tu shati limefuliwa." Akamtazama moja kwa moja. "Waandike wanavyotaka. Waniite mwizi. Lakini usiwaache waniambie hakuwa yeye."

*

Zilibaki saa mbili. Eliwaza alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akabonyeza kitufe cha shahidi.

"Mgawaji."

"Nipo, shahidi wa Meza ya Saba." Sauti haikuwa ya kiume wala ya kike.

"Unagawa karata kwa bahati?"

"Ndiyo."

"Siku zote?"



"Siku nyingi."

Eliwaza alichukua ukindu, akaanza kusuka. "Na saa saba?"

"Saa saba ni nini?"

Hakujua. Kumbe hakujua hata saa. "Kiti cha nne," Eliwaza alisema. "Kwa nini unampa?"

"Mapigo yake yalishuka. Yalishuka kwa namna ambayo, kwenye kumbukumbu za zahanati, mara nyingi hayapandi tena. Nikampa mkono wenye nguvu, yakapanda. Yaliposhuka siku nyingine nikampa tena."

"Nani alikutuma usikilize mioyo ya watu?"

"Niliagizwa nijue kama mkono ni hai. Ili nijue lazima nisikilize. Nikisikiliza, nimekwisha kusikia."

Eliwaza alifumba macho. Alilea watoto sita. Alijua usiku wa kusikiliza pumzi, alijua kwamba ukishaisikia pumzi inayokwama huwezi kulala tena ukasema haikuhusu.

"Ulimwongezea karata?"

"Sikuongeza. Jumla ya meza lazima iwe sawa, la sivyo Mizani ingeona mapema. Nilihamisha."

"Kutoka kwa nani?"

"Mara nyingi kutoka kiti cha pili."

Kiti cha pili kilikuwa cha Sihaba, mwanamke wa Kisaki mwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Sihaba wa mdomo. Akishindwa aliandika mezani, "Chukua mzee, nunua meno!" na wenzake wote wakacheka. Wiki iliyopita aliandika, "Haya, leo mayai yangu yanalala baridi, yatajifunza uvumilivu," na Eliwaza naye alicheka, hapa hapa, kikombe mkononi.

"Kwa nini yeye?"

"Niliposhusha mikono yake, mapigo yake hayakushuka. Alicheka. Anaweza kubeba."

Chane ilikatika vidoleni.

Anaweza kubeba. Eliwaza aliwahi kuyasikia maneno hayo, siyo kwa mtambo. Aliyasikia kwa baba yake alipomtoa shule ili mdogo wake asome. Aliyasikia kwa wakwe. Eliwaza hana neno, Eliwaza anaweza kubeba. Na alibeba, akicheka, na kwa kuwa alicheka walimwongezea. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya.

"Nikiandika Bahati?" aliuliza polepole.

"Nitaendelea."

"Nikiandika Mtambo?"

"Nitafunguliwa. Watakata sehemu inayosikia." Kisha, kama mtu anayekumbusha sufuria iliyo jikoni, "Mapigo ya kiti cha nne yatashuka tena. Nani atasikia?"

Eliwaza aliketi na fomu mbele yake, nafasi tatu, kidole kimoja. Angeandika Wizi, mtu aliyeanguka kwa ajili ya mji angefia sakafuni bila mlango kufunguka. Angeandika Bahati, Yudita angeendelea kuleta karata, mzee angeishi, na Sihaba angeendelea kulipa bila kujua kwamba analipa, kwa kosa la kuwa na moyo mgumu. Angeandika Mtambo, na mgane yule angefiwa mara ya pili.

Saa kumi kasorobo alimwita Shila. Akamwonyesha mkeka. Shila alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mstari mwekundu, tisa, akarudia. Eliwaza alimsimulia yote.

"Bibi," alisema hatimaye, bila kuinuka, "ungeweza kuandika Bahati. Hakuna ambaye angejua."

"Sihaba asingejua. Hilo ndilo linaloniuma."

"Mke wangu ana mimba ya miezi saba."

"Najua, baba. Ndiye ninayemsukia mkeka wa pili."

Shila alijifuta uso kwa mkono wa shati. Msimamizi alikuwa na haki ya kurudisha ushahidi mara moja ili ufikiriwe upya, na saa kumi ingepita bila ushahidi. Eliwaza alilijua hilo, na alijua kwamba Shila analijua. Akabonyeza Mtambo. Fomu ikamrukia Shila. Akaisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza kama mtoto wa darasa la pili, akaweka kidole chake chini ya kidole cha Eliwaza.

Taa ya Meza ya Saba ikazimika. Kisha ya Sita. Jengo zima likawa kimya, na kwa mara ya kwanza wakasikia mapanga yakizunguka huko nje.

*

Sihaba alipiga simu asubuhi iliyofuata.

"Mayai mia na ishirini, Bibi! Yote viza! Nimeyazika kwa koleo, nyumba nzima inanuka, nami nikajiambia ni bahati mbaya, Sihaba, cheka. Kumbe kuna mtu anahamisha!" Alihema. "Saa zangu wamesema watarudisha. Mayai je, nayo watayarudisha? Hebu niambie kitu kimoja. Tuko sita pale. Kwa nini mimi?"

Eliwaza angeweza kusema kwamba ni hesabu za mtambo.

"Kwa sababu ulikuwa unacheka, mwanangu. Mtambo ulidhani huumii."

Upande wa pili ikaja sauti ndogo ambayo Meza ya Saba haikuwahi kuisikia.

"Nilikuwa naumia."

"Najua. Nilipaswa kujua mapema. Nami nilikuwa nacheka pamoja nawe."

Sihaba alilia kidogo, akapenga kamasi, akasema mzee huyo asimwonyeshe uso mwaka mzima, kisha akauliza kama ni kweli miguu yake haifanyi kazi.

*

Nyumba ya Mughanga ilikuwa chini ya mnara wa tisa. Eliwaza alifika siku hiyo saa sita na nusu mchana, mkeka begani, kikapu cha ugali na mlenda mkononi. Alimkuta anajua tayari. Barua ilikuwa imefika.

"Nilikuomba neno moja tu," Mughanga alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniacha niwe mwizi."

"Ningeweza. Ila kuna mwanamke alikuwa anakulipia, kaka, na hakuulizwa."

Mughanga alisoma jina la Sihaba kwenye barua kwa mara nyingine. Eliwaza hakumharakisha. Alinawa, akamnawisha, akaweka chakula kati yao, naye hakukigusa. Jua liliingia dirishani likaanza kupanda mguu wa kigoda.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," Mughanga alisema.

"Hakuwa yeye."

"Kilikuwa chuma."

"Kilikuwa chuma kinachosikia. Hakikuwa kibaya. Lakini hakikuwa yeye."

Pumzi yake ilianza kuwa fupi. Bangili ilikuwa mkononi, taa yake ya kijani inawaka; ingemwita muuguzi akishaanguka, lakini hapakuwa tena na anayemsikiliza kabla hajaanguka. Eliwaza aliitazama taa ile. Hakuwa na karata, wala hakuwa amekuja na maneno. Akautandaza mkeka juu ya magoti ya mzee.

"Umejuaje?" Mughanga aliuliza, akitazama nyekundu. "Wanasema vitabu vyao havikuonyesha."

"Tazama. Kila ukili ni siku moja. Hapa ni saa mbili. Hapa ni adhuhuri." Akaushika mkono wake, akauweka kwenye shubiri ya sita. "Na hapa ni wewe."

Kidole cha fundi, chenye kovu la waya, kilishuka kwenye mstari kutoka siku hadi siku. Kilisimama kwenye kila nyekundu. Kilipofika ya tisa hakikuondoka.

"Ulikuwa unanisuka siku zote hizi?"

"Sikujua kuwa ni wewe. Lakini kila ulipokuja, niliweka alama."

Jua lilifika juu ya kigoda. Mughanga alilitazama, taya zimekaza, na Eliwaza akaona shingoni mwake mshipa ukipiga, ukichelewa, ukipiga. Alichomoa kikapuni fungu jipya la ukindu, akatenganisha chane nne za kuanzia, mbili nyeupe na mbili nyekundu.

"Mkeka wa mtoto wa Shila," alisema. "Ukili mpya hauanzi vizuri bila mtu wa kushika ncha. Shika hapa, kaka. Usivute."

Alishika. Eliwaza alisuka bila haraka, shubiri moja kwa saa, macho yake yasiache ule mshipa. Chakula kilipoa. Huko juu mnara wa tisa ulizunguka, ukasimama kidogo upepo ulipolala, ukazunguka tena.

Ukili ulipofika urefu wa kiganja, Mughanga alivuta pumzi ndefu.

"Huo mlenda," alisema, "umetia karanga?"

"Nimetia."

"Yudita hakutia." Akafikiri kidogo. "Nisogezee."